Mwendo wa Msafiri na Haki Zilizo Juu Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake vipando vya bara na vya bahari. Na rehema na amani zimshukie Bwana Muhammad, aliyesafiri kwa biashara, na kwa Hijra, na kwa jihadi, na kwa Haji, akawafunza umati wake adabu za njia kama alivyowafunza adabu za msikiti. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo: Waislamu wa zama hizi wamepewa neema ambayo wazee wao hawakuipata, nayo ni wepesi wa safari. Masafa ambayo babu aliyakata kwa mwezi mzima kwa miguu yake, mjukuu huyakata kwa siku moja hali ameketi juu ya kiti chenye mto. Ilipasa neema hii iwazidishie watu utulivu, kwani aliyefupishiwa njia ana nafasi zaidi ya kupumua. Lakini mambo yamekwenda kinyume. Kila njia ilivyofupika ndivyo haraka ya watu ilivyozidi, na aliyetokana na watu waliokuwa wakishukuru kufika kwa mwezi, leo hukasirika kwa kuchelewa robo saa. Basi karatasi hizi zimeandikwa kubainisha jambo moja: ya kwamba mwendo wa msafiri si jambo la matamanio yake peke yake, bali ndani yake mna haki za wengine, na mwenye kukimbia kupita kiasi huzila haki hizo akajiona ameokoa wakati, kumbe amekula amana.

Na itazamwe, kwa mfano, njia ijulikanayo na wengi, nayo ni ile itokayo Dar es Salaam kwenda Mtwara. Urefu wake ni kadiri ya kilomita 560. Zamani msafiri wa njia hii alizuiwa na mto Rufiji, akangoja kivuko hata ipate zamu yake. Mwaka 2003 likafunguliwa daraja la Mkapa, na njia ikawa nyepesi. Sasa mtu hulala hata jua likapanda, akaondoka saa nne na watu wa nyumba yake, na juu ya kuchelewa kwake akaazimia kwamba lazima afike kabla ya magharibi. Hapo ndipo huanza kukimbiza gari. Mtoto akiomba kushuka, huambiwa avumilie. Mama mzee akisema miguu imemfa ganzi, huambiwa hapana mbali tena. Adhana ya adhuhuri ikisikiwa Ikwiriri, husema atasali mbele. Na huko mbele alasiri humpita, hata akifika Mikindani jua limekwisha kuchwa, na sala mbili zimo shingoni mwake.

Na lau mtu huyu angepiga hesabu, angeona alichokipata ni kidogo mno. Kilomita 560 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni muda wa saa 7. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni saa 5 na dakika 36. Tofauti yake ni dakika 84, na hizo ni kwa yule ambaye njia yote ni nyeupe mbele yake, hapana kijiji, wala kilima, wala lori la kuzuia. Basi dakika 84 ndiyo thamani ya yote aliyoyauza. Na yaliyouzwa ni haya yafuatayo.

Haki ya kwanza ni ya Mwenyezi Mungu, nayo ni sala. Sharia imemfanyia msafiri wepesi mkubwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mwenye kusafiri safari ya halali ya marhala mbili, ambazo wanavyuoni wengi wa zama hizi wamezikadiria kuwa kilomita 80 na kitu, ameruhusiwa kuzipunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha. Ikiwa safari yake imefika marhala tatu, kupunguza ndiko bora. Lakini wepesi huu una sharti zake. Mwenye kuichelewesha adhuhuri ili aikusanye na alasiri ni lazima anuie hivyo kabla ya wakati wa adhuhuri kutoka. Ama kusema moyoni kwamba atasali mbele, bila ya nia wala kituo, hiyo si ruhusa bali ni kuipoteza sala. Wala sala ya faradhi haisaliwi juu ya kiti cha gari na mtu awezaye kushuka, kusimama na kuelekea kibla. Bukhari amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akisali sunna juu ya kipando chake popote kinapoelekea, na alipotaka kusali faradhi alishuka akaelekea kibla. Basi kushuka ni katika safari yenyewe. Safari isiyokuwa na nafasi ya kushuka imepangwa kwa kusahau sala tangu mwanzo wake.

Haki ya pili ni ya mwili wa msafiri. Mwili una haki ya chakula, na maji, na usingizi, na dereva hana ruhusa ya kuunyima mwili wake mambo haya, kwa sababu roho za wengine zimo mkononi mwake. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (s.a.w.) aliporejea kutoka Khaybar alikwenda usiku hata usingizi ukamshika, naye hakuushindana, bali alitua na watu wake, akamwamrisha Bilali awalindie alfajiri. Bilali akasali kadiri alivyoandikiwa, kisha akaegemea kipando chake akiitazama pande ya mapambazuko. Usingizi ukamshinda, na hapana aliyeamka hata jua likawapiga. Na afikiri mwenye akili: huyu ni Bilali, na aliyemwamrisha kukesha ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, naye ameegemea kipando kilichotua chini. Basi ni nani huyu dereva adhaniye kwamba kikombe cha kahawa kitamlinda na usingizi, hali kipando chake kinakwenda mbio gizani na watoto wamelala nyuma yake?

Haki ya tatu ni ya kipando. Imamu Nawawi katika Rawdat at-Talibin, alipotaja safari ya maasia isiyomhalalishia mtu kupunguza sala, amenakili kwamba miongoni mwa yaliyoambatishwa na safari hiyo ni mtu kujichosha nafsi yake na kumwadhibu mnyama wake kwa kumkimbiza pasi na haja. Haisemwi kwamba kila mwenye kukimbiza gari amekosa ruhusa ya kupunguza sala, kwani wanavyuoni wamepambanua baina ya aliyesafiri kwa ajili ya maasia na aliyeasi ndani ya safari iliyo halali. Lakini na itazamwe jinsi wanavyuoni hawa walivyolikuza jambo ambalo watu wanalidharau: kukimbia bure bure, bila ya haja, wamekuhesabu katika mlango wa maasia. Nao walisema hayo juu ya punda na farasi. Gari halina roho wala halioni uchungu, lakini walioketi ndani yake wana roho, na aliyesimama kando ya njia ana roho.

Haki ya nne ni ya wenzi wa safari. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akibaki nyuma katika mwendo, akimsukuma aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake, na akiwaombea dua. Mkuu wa watu wote alikuwa mwisho wa msafara, kwa sababu wanyonge huwa mwisho wa msafara. Na yuko Anjasha, aliyekuwa akiwaongoza ngamia waliopandwa na wanawake, na sauti yake ya nyimbo ikiwatia ngamia mbio. Mtume (s.a.w.) akamwambia aende pole, akawafananisha wale wanawake na vyombo vya kioo; hadithi hii ni ya Bukhari na Muslim. Basi kila mwenye kushika usukani ni Anjasha wa leo, na nyuma yake mna vioo: mja mzito, na mzee mwenye mgongo mbovu, na mtoto mchanga. Mwendo wa safari hupimwa kwa aliye dhaifu ndani ya gari, wala haupimwi kwa nguvu ya injini.

Haki ya tano ni ya watu wakaao kando ya njia. Katika hadithi ya Muslim, kuondoa lenye kudhuru njiani kumehesabiwa kuwa tawi katika matawi ya imani. Ikiwa mwenye kuondoa mwiba njiani ana imani kwa sababu ya mwiba ule, itakuwaje hali ya yule ambaye yeye mwenyewe amekuwa ndiyo madhara ya njia? Vijiji vya Mkuranga, na Kibiti, na Somanga, vimo juu ya barabara. Watoto huvuka kwenda chuoni na mama huvuka na ndoo za maji. Serikali ya Tanzania imeweka mwisho wa kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, na amri kama hii, maadamu ina maslaha ya dhahiri na haimo ndani yake maasia, ni wajibu kuitii, awepo askari njiani au asiwepo, kwani Mwenyezi Mungu yupo. Na wajuzi wa mambo ya nguvu wameeleza kwamba kishindo cha gari hukua kwa mraba wa mwendo wake. Kwa hesabu hiyo, aliyetoka mwendo wa 80 akafika 100 ameongeza mwendo kwa robo tu, lakini ameongeza kishindo kwa zaidi ya nusu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2023 kwamba wanaokufa kwa ajali za barabarani duniani ni kadiri ya watu milioni 1.19 kwa mwaka. Kila mmoja katika hao alikuwa na mtu wa kumngoja.

Haki ya sita ni ya nchi yenyewe. Mwenyezi Mungu katika mahali pengi pa Qurani, kama katika sura ya Al-Anam na sura ya Ar-Rum, amewaamrisha watu watembee katika ardhi kisha watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Amri hii ina vipande viwili, kutembea na kutazama. Na msafiri wa haraka hutii kipande cha kwanza akakiacha cha pili. Katika njia hii ya Mtwara, akifika Nangurukuru, pana njia ya kushoto iendayo Kilwa Masoko, na ng'ambo ya maji ndipo ilipo Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta, aliyetoka kwao Tangier mwaka 1325 kwa nia ya Haji, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji, na akawashuhudia watu wake kwa dini na wema, na kwamba walikuwa wafuasi wa Imamu Shafii. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwao, na sarafu za shaba zilipigwa kwa majina ya masultani wao. Kisha mwaka 1505 Wareno wakauteka mji. Leo msikiti wake mkuu ni magofu yenye nguzo na kuba, na jumba la Husuni Kubwa limebaki kuta zitazamazo bahari. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yalitiwa katika urithi wa dunia. Wageni huja kutoka nchi za mbali kuyatazama, na Mwislamu wa pwani, ambaye hao ni wazee wake katika dini na madhehebu, hupita pale Nangurukuru mara ishirini katika umri wake wala hajageuza shingo. Lau angesimama pale akawasomea Fatiha waliozikwa pale, na akawaonyesha wanawe kuta zile, wangerudi wakijua kwamba mali na ufalme hupita, na hilo ni somo ambalo mwalimu hulisomesha chuoni mwaka mzima lisiingie.

Pengine mtu atasema: imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba safari ni kipande cha adhabu, humzuilia mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba mwenye kumaliza haja yake na aharakishe kurudi kwa watu wake; basi mbona mtu aambiwe aende pole?

Jawabu ni kwamba hadithi hii ni hoja ya utulivu. Imemhimiza mtu aondoke akisha kumaliza haja yake, asikae ugenini bure hali watu wake wana haki juu yake. Haikumwamrisha kuuvunja mwili wake wala kuwahatarisha wenziwe njiani. Na jinsi ya mwendo wenyewe imebainishwa mahali pengine. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba siku ya kuteremka Arafa, Mtume (s.a.w.) alisikia nyuma yake kelele za watu wakiwakemea ngamia na kuwapiga, akawaashiria kwa mjeledi wake, akawaamrisha watulie, akawajulisha kwamba wema hauko katika kwenda mbio. Hao walikuwa mahujaji, wamo katika ibada iliyo kubwa, wakielekea Muzdalifa. Wala ubora wa waendako haukuihalalisha haraka yao. Na Usama, aliyepanda pamoja naye siku ile, amesimulia kwamba Mtume alikwenda mwendo wa wastani, na alipopata uwanja mtupu alizidisha. Basi hii ndiyo mizani: wastani penye watu, na kuzidisha kidogo penye nafasi, kwa kadiri isiyodhuru na isiyovuka sharia. Ama mwenye mgonjwa wa kuwahishwa hospitali, huyo ana udhuru wake, na udhuru hupimwa kwa kadiri yake.

Na mtu asifahamu kwamba utulivu ni uvivu. Mwenye kutaka kufika mapema bila ya kukimbia ana dawa moja, nayo ni kuondoka mapema. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaombea umati wake baraka katika asubuhi zao, na kwamba Sakhr, mpokezi wa hadithi hiyo, alikuwa akipeleka biashara yake asubuhi mapema, akatajirika. Dakika 84 zile ambazo mtu huzitafuta kwa kukanyaga mafuta, angezipata kwa kuamka na adhana ya alfajiri. Na njia ikiwa ndefu, na aigawe: alale Kilwa au Lindi, apumzike, aendelee kesho. Mwenye kutua mahali na ajue hukumu yake: akinuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mkaazi, na ruhusa ya kupunguza imemwondoka, akinuia chini ya hapo, angali msafiri. Na kama usiku umemwingilia karibu na mji wake, naye hakuwapelekea habari jamaa zake, asione vibaya kulala njiani akaingia asubuhi, kwani Mtume (s.a.w.) amemkataza aliyekuwa mbali na watu wake muda mrefu kuwagongea usiku kwa ghafula.

Ndani ya mwendo wa wastani mna ibada ambayo mwenye mbio haioni. Jabir amesimulia katika Bukhari kwamba masahaba walipopanda mahali walipiga takbiri, na walipoteremka walileta tasbihi. Mwenye kwenda kwa utulivu hukijua kilima na hulijua bonde, akamtukuza Mola wake juu, akamtakasa chini, na njia nzima ikawa uradi. Na dua ya msafiri ni katika dua zenye kutarajiwa kujibiwa. Basi ni hasara kubwa kuipitisha safari yote katika kulaani malori.

Na kwa mwenye kuona kwamba kila dakika ya kusimama ni dakika iliyopotea, na amalizie kwa kisa hiki, nacho ni cha Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alikuwa safarini na jeshi lake, na Bibi Aisha (r.a.) yu pamoja naye. Kidani chake kikakatika kikapotea. Mtume akasimama kukitafuta, na watu wote wakasimama pamoja naye, mahali pasipo na maji, wala wao hawana maji. Watu wakanung'unika, wakamwendea Abu Bakari kumshtaki binti yake. Naye akamjia akamlaumu kwa maneno makali na kumchoma ubavuni kwa mkono wake, hali Mtume amelala, kichwa chake ki juu ya paja lake, wala yeye hakujitikisa asimwamshe. Wakapambazukiwa pasipo maji. Hapo Mwenyezi Mungu akateremsha aya ya kutayamamu. Usayd bin Hudayr akakiri kwamba hiyo si baraka ya kwanza ya watu wa nyumba ya Abu Bakari. Kisha ngamia wa Bibi Aisha akainuliwa ili waondoke, na kidani kikaonekana chini yake.

Kidani kilikuwa pale pale tangu usiku. Jeshi zima lilicheleweshwa, na walionung'unika walidhani wamepoteza usiku wao kwa ajili ya pambo la mwanamke. Kumbe katika usiku ule ilikuwa inangojwa ruhusa ambayo kila mgonjwa asiyeweza maji, na kila msafiri aliyekosa maji, ataitumia hata siku ya Kiyama. Basi msafiri akisimamishwa njiani, kwa gurudumu, au kwa mvua, au kwa mtoto aombaye kushuka, na asiharakie kulaumu. Na ashuke, atawadhe, aelekee kibla, asali rakaa zake mbili, ampe mzee maji, kisha aondoke kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wa Kiislamu wa bara na wa bahari, awape utulivu katika mwendo wao na wema katika kufika kwao, awarejeze kwa watu wao salama, na awarehemu waliokufa njiani wala hawakufika. Na awajaalie waja wake kuikumbuka safari ile ambayo hapana aikimbiliaye wala aicheleweshaye, na kuiwekea akiba yake.

Wabillahi ttawfiq. Amin.